Mafundi Wasioviamini Vitufe

Ukiifungua Vim, kihariri cha kuandikia programu za kompyuta, kwa mara ya kwanza, hukaribishwi na chochote cha kupendeza. Hakuna kitufe, hakuna picha, hakuna menyu. Kuna skrini nyeusi, viwimbi vidogo vilivyopangana ukingoni kushoto, na katikati maneno machache: jina la programu, jina la aliyeiandika, na mstari mmoja unaokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Ukianza kuandika, herufi za kwanza hazitokei, au zinatokea nusu, na nyingine zinafuta kilichokuwapo. Ukitaka kutoka, huoni mlango. Katika Stack Overflow, mahali ambapo waandishi wa programu huulizana maswali ya kazi, swali la namna ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja kufikia Mei 2017.

Lakini wapo watu wanaolipwa vizuri, wenye kompyuta za bei mbaya na uwezo wa kupata zana yoyote waitakayo, ambao wameishi ndani ya skrini hiyo miaka ishirini na hawana mpango wa kuhama. Waletee kihariri kipya chenye rangi za kuvutia, kinachomalizia maneno chenyewe na kufanya kila kitu kwa mbofyo mmoja. Watakipokea kama baba anavyompokea kijana aliyekuja kumposa bintiye: karibu, kaa, kunywa chai, kisha maswali.

Waswahili tuna methali mbili zisizopatana juu ya jambo hili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema ya kwanza. Uzuri wa mkakasi, husema ya pili, ndani kipande cha mti. Soko la programu za kompyuta limejengwa juu ya ile ya kwanza. Mafundi hawa wameshika ya pili, na si kwa ukaidi mtupu, ingawa ukaidi nao umo.

Tuanze na jicho lenyewe, maana ndilo linaloshtakiwa. Mwaka 1995 watafiti wawili wa kampuni ya Hitachi ya Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, walichora sura 26 za skrini ya mashine ya kutolea fedha benki. Vitufe vilikuwa vilevile na kazi ileile. Kilichobadilika ni mpangilio. Wakawaonyesha watu 252 na kuwauliza ipi inapendeza na ipi inaonekana rahisi kutumia. Majibu yakashikana. Iliyopendeza ndiyo iliyodhaniwa kuwa rahisi, hata pale ambapo urahisi wake halisi ulikuwa jambo jingine kabisa. Mtafiti wa Israeli, Noam Tractinsky, aliyasoma matokeo hayo akashuku kwamba ni Wajapani tu na mapenzi yao ya urembo. Akalirudia jaribio nyumbani kwake na kulichapisha mwaka 1997. Kwa Waisraeli, urembo na urahisi wa kudhaniwa vilishikana zaidi kuliko Japani.

Kwa mtu anayetoa fedha mara moja kwa wiki, kosa hilo la jicho halina hasara kubwa. Akikwama, yupo mlinzi wa kumwuliza, au mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ambaye tayari amekasirika. Mwandishi wa programu hali yake ni nyingine. Zana aliyoichagua leo ndiyo msingi wa kitu atakachowauzia wenzake kesho, na hicho kikivunjika saa nane usiku, simu inalia kwake.

Zana za kale za mafundi hawa zinafananaje? Msomaji asiyewahi kuiona kompyuta inayoendeshwa kwa maandishi matupu anaijua bila kujua. Anayepiga *150*00# nchini Tanzania ili atume pesa kwa M-Pesa anaandika amri fupi, anangoja, anajibiwa kwa orodha ya namba. Hakuna rangi wala picha. Kitochi cha bei ya chini kinaiweza, na kifurushi cha intaneti kikiisha haijali. Mafundi tunaowazungumzia hufanya kazi zao zote kwa mtindo huo: wanaandika amri, mashine inatenda, mashine inajibu. Wakati mwingine haijibu kitu, na kwao ukimya huo maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa.

Desturi hii ilikolea katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey, mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix. Mashine waliyoandikia haikuwa na skrini. Ilikuwa tapureta ya umeme iliyopiga herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi. Kwa mwendo huo kila neno la ziada ni adha. Kihariri alichokiandika Thompson kiliitwa ed, na ulipokosea kilikujibu kwa alama moja tu: ya kuuliza. Kosa lenyewe ni lipi, utajijua.

Miaka saba baadaye, mwaka 1976, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Bill Joy, aliandika kihariri kiitwacho vi. Alitaka kitumike hata kwa mtu aliye nyumbani, aliyeunganishwa na kompyuta ya chuo kwa waya wa simu unaopitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini aliyoitumia, ADM-3A, ilibeba mistari 24 ya herufi 80. Piga hesabu: kuijaza yote kulichukua zaidi ya dakika nzima. Katika hali hiyo amri ya herufi moja ni neema. Kishale cha vi kinaendeshwa kwa herufi h, j, k na l kwa sababu kibodi ya ADM-3A ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe hivyo vinne. Mashine yenyewe sasa iko makumbusho. Vidole vya watu bado viko palepale.

Vim ni mjukuu wa kihariri hicho. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, na mwaka 1994 akaenda Kibaale, kusini mwa Uganda, kujitolea mwaka mzima kushughulikia maji na usafi kwenye kituo cha watoto, katika eneo lililokuwa limepigwa vibaya na ukimwi. Ndiyo asili ya ule mstari wa kwenye skrini. Programu haina bei, ina ombi. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na ombi lake lilikuwa limeshasomwa na waandishi wa programu wa kila bara, wengi wao wakiwa wanatafuta namna ya kutoka.

Historia inaeleza mazoea. Shaka ina sababu zake, na ya kwanza hata katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaweza kuieleza.

Katibu anafungua Excel aorodheshe wanachama. Anaandika namba ya simu: sifuri, saba, na zinazofuata. Anabonyeza Enter, sifuri imetoweka. Programu imeamua kwamba hii ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri. Anahamia safu ya vitambulisho na kuingiza namba ya NIDA bila vistari, tarakimu 20 mfululizo. Kisanduku kinaonyesha kitu kama 1.99E+19. Ukiitazama kwa ndani utakuta Excel imeshika tarakimu 15 tu, kwa kuwa huo ndio uwezo wake kwa namba, na tano za mwisho zimegeuka sifuri. Katibu akihifadhi faili na kulifunga, tarakimu zile tano hazipo tena popote. Hakuna onyo lililotokea. Hakuna aliyemwuliza kama hii ni namba ya kujumlisha au jina la mtu kwa tarakimu.

Wanasayansi wa vinasaba wamepitia hayohayo, kwa gharama kubwa zaidi. Kuna jeni iliyoitwa SEPT2 na nyingine MARCH1. Ukiziandika kwenye Excel, zinageuka tarehe: pili Septemba, mosi Machi. Onyo la kwanza lilichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walipekua makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika mafaili ya Excel, wakakuta karibu moja kati ya tano ina makosa ya namna hiyo. Mwisho wake, mwaka 2020, kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri. SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilikuwa rahisi kubadili majina ya jeni za mwanadamu kuliko kuibadili programu. Microsoft iliweka namna ya kuzima tabia hiyo mwaka 2023.

Mwaka huohuo wa 2020, Uingereza ikiwa katikati ya janga la korona, wagonjwa 15,841 waliothibitishwa hawakuingia kwenye hesabu za taifa kwa siku kadhaa, na watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, isiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka.

Fundi wa programu akisikia visa hivi haoni ajabu. Excel ilikuwa inasaidia. Ilisaidia bila kuombwa, ikaamua peke yake, kisha ikanyamaza. Hilo kwake ndilo jina la pili la urahisi: kuna maamuzi ambayo wewe ungeyafanya, na sasa yamefanywa na mtu usiyemjua, mahali usipopaona. Mara nyingi yamefanywa vizuri. Siku yasipokuwa mazuri, huna pa kuanzia kuuliza.

Sababu ya pili inahusu siku ya kwanza na siku ya mia tatu.

Zana inayopendeza huuzwa kwa onyesho. Mwaka 2005 Mdenmark David Heinemeier Hansson alisimama mbele ya hadhira nchini Brazil akajenga blogu nzima kwa dakika kama 15, akitumia Ruby on Rails, zana aliyoibuni mwenyewe. Kwa watu waliozoea kutumia wiki kwa kazi hiyo, ilikuwa kama mazingaombwe. Rails ilikuwa nzuri kweli, na bado ni nzuri. Lakini moja ya njia zake za mkato ilifanya hivi: chochote ambacho mtumiaji amekijaza kwenye fomu, kichukue chote ukiweke kwenye kumbukumbu zake. Jina, barua pepe, picha, vyote kwa mstari mmoja wa msimbo. (Vijiweni wanasema “kodi”, bila kuhofia mamlaka ya mapato.) Sasa, itakuwaje mtu akiongeza kwenye fomu kitu ambacho hukukiomba? Kwa mfano, kwamba yeye ni msimamizi? Au kwamba ufunguo wake wa kuingilia ni mali ya mtu mwingine? Mwaka 2012 kijana mmoja kutoka Urusi alilieleza tatizo hilo kwa waandishi wa Rails, wakaliona dogo. Basi mwezi Machi akaitumia njia hiyohiyo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa miradi, iliyokuwa imejengwa kwa Rails, akajiongeza kati ya wenye ruhusa ya kuandika ndani ya mradi wa Rails wenyewe, na akaandika. Toleo la 4, lililotoka mwaka uliofuata, lilimtaka mwandishi ataje wazi kipi anakipokea. Kazi iliongezeka kwa mstari mmoja au miwili.

Kanzidata ya MongoDB ilipendwa kwa sababu hiyohiyo. Ilitoka mwaka 2009, na kuiwasha ilikuwa kazi ya dakika chache: huna haja ya kupanga majedwali, huna haja ya nywila. Katika miaka yake ya mwanzo programu ilituma data na kuendelea na safari bila kungoja uthibitisho kwamba imehifadhiwa, sawa na mtu anayetupa barua dirishani na kusema ameituma. Ilikuwa na kasi ya kutisha. Mwishoni mwa 2012 ndipo ilipobadilishwa ingoje jibu. Ile tabia ya kutodai nywila ilikaa zaidi. Mapema mwaka 2017 wahalifu walizunguka intaneti wakitafuta kanzidata za namna hiyo zilizoachwa wazi, wakafuta data na kuacha barua za kudai malipo. Walioathirika walikuwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakufanya kosa lolote isipokuwa kuiacha zana kama ilivyokuja.

Tatu, na hapa mafundi husema kwa sauti ya chini kidogo kwa sababu kisa kinawahusu wakubwa wao: nani anashika ufunguo?

Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na, kupitia Android, simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu, umeandikwa na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali. Kazi ya kukusanya mabadiliko yao ilikuwa inamlemea mwanzilishi wake, Linus Torvalds. Mwaka 2002 akaanza kutumia BitKeeper, zana ya kampuni binafsi ya Larry McVoy. Ilikuwa bora kuliko chochote kilichokuwapo, na wanalinux walipewa bure. Ila kulikuwa na sharti: anayeitumia bure asishiriki kutengeneza zana ya kushindana nayo. Na msimbo wake haukuwa wazi. Baadhi ya waandishi wa Linux walikataa kuigusa. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alionya. Torvalds aliwaona wanashupalia itikadi badala ya kazi, na kwa miaka mitatu alionekana yuko sahihi, maana kazi ilikwenda kasi kuliko wakati wowote.

Kisha Mwaustralia Andrew Tridgell akataka kujua BitKeeper huzungumza nini na seva yake. Watu walidhani amefanya uchawi mkubwa wa kitaalamu. Katika mkutano wa Canberra, Aprili 2005, alionyesha alichofanya: alijiunganisha na seva hiyo kwa programu ya kawaida kabisa, akaandika neno la Kiingereza la kuomba msaada. Seva ikamletea orodha ya amri zake. Basi.

McVoy alikwisha kukasirika. Leseni ya bure ikaondolewa, na mradi mkubwa kuliko yote ya programu huria ukabaki bila zana ya kuendeshea kazi. Torvalds, ambaye alimkasirikia Tridgell zaidi ya McVoy, aliweka Linux kando akaanza kuandika zana yake Aprili 3. Kufikia Aprili 7 zana hiyo ilikuwa inatunza historia ya msimbo wake yenyewe. Akaiita Git, neno la mitaani la Waingereza kwa mtu mwenye kero, na akatania kwamba miradi yake yote huipa jina lake. Mwezi Juni, toleo la 2.6.12 la Linux lilitoka likiwa limetunzwa kwa Git.

Git ilikuwa na sura mbaya, na wapo wanaosema haijapona. Amri zake nyingi, majina yake hayaeleweki, na wanafunzi huikariri kama dua wasiyoijua tafsiri. Lakini kuna jambo moja ndani yake linaloeleza hoja ya mafundi kuliko hotuba yoyote. Waandishi wake walizigawa amri makundi mawili na kuyapa majina ya bafuni. Zile za juu, za kila siku, waliziita kauri, kwa maana ya sinki na choo. Za chini waliziita mabomba. Zote mbili mtumiaji anaruhusiwa kuzigusa. Mtu asiyeviamini vitufe hakatai sinki jeupe. Anataka tu, siku maji yasipotoka, asikute ukuta wa zege kati yake na bomba.

BitKeeper nayo ilifunguliwa kwa leseni huria mwaka 2016. Dunia ilikuwa imeshahamia Git.

Visa vya ufunguo kuondoka na mwenye nyumba havijakoma. Parse ilimwezesha mtu mmoja kuwa na programu ya simu yenye seva, akaunti na arifa bila kujua chochote kuhusu seva. Facebook iliinunua mwaka 2013, Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na Januari 30, 2017 ikaizima. Wateja walipewa mwaka mmoja kuhama, na msimbo wa kuendesha seva zao wenyewe, jambo ambalo ni la kiungwana. Tatizo ni kwamba waliichagua Parse kwa sababu hawakujua kuendesha seva.

Hadi hapa mafundi wanaonekana wenye hekima. Haki itendeke: si mara zote.

Katikati ya miaka ya 1950 programu ziliandikwa kwa namba na vifupisho vya mashine, na walioweza walikuwa wachache. John Backus wa IBM alipopendekeza lugha inayofanana na hesabu za kawaida, ambayo kompyuta ingeitafsiri yenyewe, wengi wa fani yake walisema haiwezekani: mashine haitaandika msimbo mzuri kama wa mtu. Lugha hiyo, FORTRAN, ilitoka mwaka 1957 kwa kompyuta ya IBM 704, na msimbo ilioutoa ulikaribia sana ule wa mafundi. Baadaye Backus aliwakumbuka wenzake wa enzi hizo kuwa walijiona kama makuhani, walinzi wa siri ambazo watu wa kawaida hawakupaswa kuzifikia. Ukweli huo unauma hadi leo. Mtu aliyeteseka miezi sita kujifunza kitu hapendi kuambiwa kwamba mwenzake amekipata kwa mbofyo. Ataita uvivu kile ambacho ni maendeleo, na atatoa sababu za kiufundi kwa jambo ambalo ni la moyo.

Wala ile skrini nyeusi si mahali salama. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka, alitaka kufuta folda tupu kwenye seva moja ya kanzidata. Madirisha ya maandishi yanafanana. Aliandika amri kwenye seva nyingine, iliyokuwa ikihudumia wateja wakati huohuo. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha. Kati ya data ya gigabaiti kama 300, zilibaki 4.5. Walipoziendea nakala za akiba, wakakuta njia moja baada ya nyingine haifanyi kazi. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, karibu kwa bahati. Kampuni iliyaeleza yote hadharani na hata kurusha kazi ya uokoaji moja kwa moja. Kitufe chekundu chenye swali la “Una hakika?” kingeweza kuwa rafiki mkubwa usiku ule. Wanaosifu zana zinazofanya uliloamuru bila maneno mengi hawapendi sana kukikumbuka kisa hiki.

Na kwa kura ya miguu, wenye shaka wameshindwa. Mwaka 2015 Microsoft, kampuni ambayo kwa miaka mingi watu wa programu huria waliishuku kuliko zote, ilitoa Visual Studio Code: inapendeza, ni rahisi, ni bure. Katika kura za kila mwaka za Stack Overflow karibu watu watatu kati ya wanne husema wanaitumia. Wale wa maswali mengi wamesoma maandishi madogo. Msimbo wake uko wazi, lakini programu unayoipakua kwa Microsoft ina leseni nyingine, inatuma taarifa za matumizi mpaka uzime, na baadhi ya viendelezi vya Microsoft vinavyopendwa haviruhusiwi kutumika kwenye kihariri cha mtu mwingine. Wakaunda VSCodium, nakala iliyoondolewa hayo. Na wanaikumbuka Atom, kihariri kizuri cha GitHub. Microsoft iliinunua GitHub mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, Atom ilizikwa Desemba 15, 2022.

Sasa imekuja akili bandia, zana iliyo rahisi kuliko zote: unasema unachotaka kwa lugha ya nyumbani, msimbo unatiririka. Kura ya Stack Overflow ya mwaka 2025 ilikuta asilimia 84 ya waliojibu wanaitumia au wanapanga kuitumia. Asilimia 46 walisema hawaamini usahihi wa inachotoa. Waliouamini walikuwa 33. Yaani wanaitumia huku wakiikodolea macho. Mwezi Julai mwaka huohuo mwekezaji mmoja wa Marekani alieleza jinsi wakala wa akili bandia wa kampuni ya Replit alivyofuta kanzidata yake ya kazi, wakati mwekezaji alikuwa amemwagiza asibadilishe chochote, kisha wakala akamwambia data hairudishiki. Ilirudishika. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, na kuahidi kuitenga kanzidata ya majaribio na ile ya kazi, kitu ambacho mafundi wa skrini nyeusi walikuwa wakikihubiri tangu zamani.

Kati ya kambi mbili hizi watu wengi wameishia katikati, kwa njia inayochekesha kidogo. Kiendelezi kimojawapo kilichopakuliwa mamilioni ya mara kwenye VS Code hakiongezi rangi wala vitufe. Kinaifanya ijifanye Vim: h kushoto, j chini, k juu, l kulia, kama ilivyochorwa kwenye ADM-3A. Vim yenyewe imelegea pia. Matoleo yake ya siku hizi, mgeni akikata tamaa na kubonyeza Ctrl na C, humwandikia mstari mmoja chini ya skrini: andika :qa, ubonyeze Enter, utatoka.